John Woolman, Mwenye Duka Aliyeuliza Bidhaa Zimetoka Wapi

Juma hili niliombwa kuandika maisha ya mtu mmoja wa Mungu wa zamani, na nimemchagua mwenye duka. Najua wengine mlitarajia mhubiri wa mikutano mikubwa, au mmishenari aliyejenga hospitali. Lakini hebu tuangalie viti vyetu Jumapili. Wenye maduka, wenye vibanda sokoni, mafundi, wakandarasi na wale wanaonunulia kampuni zao bidhaa ni wengi kuliko wahubiri. Tunawafundisha sana juu ya fungu la kumi. Yale mafungu tisa yanayobaki hatuyagusi: yamepatikana vipi, na ni nani aliyetoka jasho ili yapatikane? Huyu ndugu aliuliza swali hilo maisha yake yote, na likamgharimu.

John Woolman alizaliwa Oktoba 1720 huko New Jersey, wakati ambapo Marekani bado ilikuwa makoloni ya Mwingereza. Wazazi wake walikuwa wakulima wenye watoto 13. Walikuwa washirika wa lile kundi la Waquaker, ambao sisi tunawaita Marafiki. Ninyi mliotoka Vihiga, Kakamega na Bungoma mnawajua vizuri. Walifika Kaimosi mwaka 1902, na leo Kenya ndiyo nchi yenye Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Sisi tunaabudu kwa ngoma na vigelegele. Marafiki wa siku za Woolman walikaa kimya wakimngoja Roho awaguse. Njia ni tofauti, lakini kumngoja Roho tunakujua.

Akiwa mtoto alimrushia mawe ndege mdogo aliyekuwa na makinda kwenye kiota, akamuua. Mwanzoni alifurahia shabaha yake. Kisha akakumbuka makinda. Yangekufa njaa polepole kwa sababu mama hayupo tena. Akapanda mti, akayaua kwa uchungu ili yasiteseke. Jambo hilo lilimsumbua siku nyingi, na alipokuwa mtu mzima aliliandika katika kitabu cha maisha yake. Alikuwa amejifunza kwamba jiwe linaporushwa halimalizikii pale linapogonga. Kuna wengine juu ya mti ambao mrushaji hawaoni.

Alipofika miaka 21 hivi, aliondoka shambani akaenda mji mdogo wa Mount Holly kuajiriwa dukani. Kazi yake ilikuwa kuuza na kutunza vitabu vya hesabu. Siku moja mwajiri wake, ambaye alikuwa na mtumwa mwanamke Mwafrika, akamuuza. Akamwambia Woolman aandike hati ya mauzo mara moja, maana mnunuzi alikuwa amesimama pale akingoja. Mnunuzi mwenyewe alikuwa mzee wa Marafiki, mtu wa heshima kanisani.

Hapo weka nafsi yako, ndugu msomaji. Wewe ni kijana, umeajiriwa, bosi amekuagiza, na mteja ni mzee wa kanisa. Karatasi ni mistari michache tu. Woolman aliandika. Lakini moyo wake ulimchoma hata akasema mbele ya wote wawili kwamba kumweka mtu utumwani hakupatani na imani ya Kikristo. Hata baada ya kusema hivyo hakupata amani, kwa sababu hati ilikuwa imeshaandikwa kwa mkono wake. Baadaye kijana mwingine wa Marafiki alimwomba amwandikie hati kama ile. Safari hii alikataa, kwa upole lakini kabisa.

Mnaona alipoanzia? Woolman hakuwa na mtumwa. Hakumpiga mtu wala kumfunga mtu. Alikuwa karani tu. Lakini biashara ya utumwa haikuendeshwa na wale wenye mijeledi peke yao. Iliwahitaji makarani, mawakili, wenye meli, wenye bima na wenye maduka, na kila mmoja alifanya kipande chake kidogo kisha akaenda nyumbani kula. Woolman aligundua kwamba kipande chake kilikuwa kalamu, akaamua kalamu hiyo haitaandika tena mambo hayo.

Hata kwenye wosia alifanya hivyo. Watu walimwendea kuandikiwa wosia kwa sababu aliandika vizuri, na kazi hiyo ilikuwa na malipo. Jirani mmoja aliyeumia vibaya alimwita aandike wosia wake. Woolman akaandika yote, ila sehemu iliyomrithisha mtoto wake kijana mtumwa wa kike aliiacha wazi. Akamrudishia karatasi bila kudai malipo, akamweleza kwa nini hawezi kuandika sehemu ile. Wakazungumza. Mwishowe jirani alikubali msichana yule aachwe huru, na wosia ukamalizwa. Hakumgombeza mgonjwa kitandani. Alikataa kushiriki, akakubali kupoteza pesa, kisha akabaki ameketi pale wazungumze.

Baadaye Woolman alifungua biashara yake mwenyewe. Alikuwa mshonaji wa nguo, na pembeni akauza bidhaa za dukani: vitambaa, vifaa vya kushonea, pamoja na sukari, molasi na ramu, ile pombe inayotengenezwa kwa miwa. Mwaka 1749 alimwoa Sarah Ellis, na mwaka uliofuata wakapata binti yao, Mary. Biashara ilikua haraka. Kwa masomo niliyopitia chuoni, huyu angekuwa mfano wa darasani: wateja wanaongezeka, jina ni zuri, mtaji unajizungusha. Mwalimu angesema fungua tawi la pili.

Woolman alifanya kinyume. Kufikia mwaka 1756 aliwaambia wateja wake wakanunue kwingine, akafunga duka, akabaki na ushonaji na shamba lake dogo la miti ya matufaha. Aliona kwamba duka limeanza kula muda na moyo wake. Aliona pia kwamba watu maskini wanakopa vitu vya anasa wasivyoweza kuvilipa, halafu wanaishia kushtakiwa kwa deni. Sisemi kila mmoja wenu afunge biashara kesho. Wengine mmeajiri watu, na familia zinategemea mlango wenu ukifunguliwa asubuhi. Ninachosema ni kwamba alikuwa na kipimo kingine zaidi ya faida, na alikitumia.

Tayari mwaka 1746 alikuwa amesafiri kusini hadi Maryland, Virginia na North Carolina akiwatembelea Marafiki. Huko aliona utumwa kwa wingi, na waliokuwa wakiishi kwa jasho la watumwa walikuwa ndugu zake katika imani. Walimkaribisha vizuri, wakampa chakula na kitanda bure. Lakini chakula hicho nani alikilima? Nani alikipika? Aliporudi aliandika kijitabu cha kupinga utumwa, kikachapishwa mwaka 1754, na sehemu ya pili ikatoka 1762.

Aliporudi kusini mwaka 1757, alikuwa na mpango. Alibeba sarafu ndogo za fedha. Akilala kwenye nyumba yenye watumwa, asubuhi akiaga alitoa sarafu, akamwomba mwenye nyumba awape watumwa waliomhudumia, au akawapa yeye mwenyewe mkononi. Fikiri jinsi ilivyokuwa ngumu. Kwa desturi zetu, mgeni akitoa pesa kulipia chakula mwenyeji ataona ametukanwa. Na wale walikuwa watu wenye mali. Woolman mwenyewe aliandika kwamba lilikuwa jambo la kujaribu imani yake. Lakini aliona kwamba ukila bure chakula cha mtu asiyelipwa, basi na wewe umemtumikisha bure. Deni halifutwi na ukarimu wa aliyekuibia na kukuandalia meza.

Mwaka 1758, Mkutano wa Mwaka wa Marafiki ulikaa Philadelphia. Suala la utumwa likaja mezani. Wengi hawakuutetea waziwazi. Walisema tu kwamba tungoje, Bwana atafungua njia kwa wakati wake. Lugha hiyo tunaijua, si ndiyo? Inasikika ya kiroho kabisa. Woolman alisimama akawakumbusha kwamba kilio cha wanaoonewa kimefika mbinguni, na kwamba kukawia kwa ajili ya faida za watu wachache kunaweza kuleta hukumu. Mkutano uligeuka. Ukaamua kwamba wanaonunua na kuuza watumwa wasishiriki tena katika vikao vya uamuzi vya kanisa, ukachagua kamati ya kuwatembelea wenye watumwa nyumba kwa nyumba. Woolman alikuwa mmoja wa kamati hiyo. Miaka mingi aliketi kwenye sebule za matajiri akizungumza nao kwa machozi, bila matusi. Wengine waliwaacha watumwa wao huru, wengine walikasirika. Mwaka 1776 Marafiki wa Philadelphia waliamua kwamba asiyewaacha watumwa wake huru hatakuwa mshirika tena. Woolman alikuwa amekwisha kufa.

Kadiri alivyoendelea, ndivyo alivyofuata bidhaa kurudi nyuma hadi zilikotoka. Aliacha kula sukari, kwa sababu mashamba ya miwa ya visiwa vya Karibi yaliendeshwa kwa damu ya watumwa. Alipofikiria kusafiri kwenda Barbados, nauli yenyewe ilimsumbua: ilikuwa nafuu kwa sababu meli zilijaa biashara ya bidhaa hizo hizo. Aliacha nguo zilizotiwa rangi, kwa kuona kwamba rangi ni gharama isiyo na lazima, tena inaficha uchafu badala ya kuuondoa. Akavaa nguo za rangi ya asili ya pamba na sufu, na kofia yake pia. Watu walimwona wa ajabu. Marafiki wengine walimkwepa.

Mei 1772 alipanda meli kwenda Uingereza. Badala ya chumba cha abiria chenye nakshi, alichagua kulala chini pamoja na mabaharia. Kwa majuma kadhaa aliishi na vijana wadogo waliofunzwa ubaharia kwenye unyevu, baridi na matusi, akawaandika katika kitabu chake ili wasomaji wajue ni nani anayewaletea mizigo yao. Alipofika London, wazee wa kanisa walimwangalia na nguo zake nyeupe wakasita, lakini walipomsikia wakampokea. Toka hapo alitembea kwa miguu hadi kaskazini mwa nchi. Alikataa magari ya farasi kwa sababu farasi walikimbizwa hadi kufa, na wavulana walioyahudumia usiku wa baridi waliumia, wengine wakafa. Hakutaka hata barua zake zipitie huko. Njiani aliuliza bei ya ngano na mshahara wa kibarua kwa siku, akayaandika yote mawili, ili mtu aone kama mshahara unatosha mkate.

Alifika York, akaugua ndui. Hata kitandani aliwaambia waliomuuguza wasimpe kitu kilichopitia mikono ya uonevu. Alikufa tarehe 7 Oktoba 1772, akiwa hajatimiza miaka 52. Kitabu cha maisha yake kilichapishwa mwaka 1774. Mwaka 1787 kamati ya watu 12 iliundwa London kupigana na biashara ya utumwa, na 9 kati yao walikuwa Marafiki. Mwaka 1791 familia nyingi sana za Uingereza zilianza kususia sukari ya watumwa, jambo ambalo Woolman alilifanya peke yake akichekwa. Mwaka 1807 bunge la Uingereza likapiga marufuku biashara hiyo.

Sasa tuje kwetu. Utumwa wa hati na mnada umekatazwa. Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 30, inasema wazi kwamba hakuna mtu atakayewekwa utumwani au kulazimishwa kazi. Hata hivyo Shirika la Kazi Duniani na washirika wake walikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 50 walikuwa katika utumwa wa kisasa, karibu milioni 28 kati yao wakilazimishwa kazi. Siku hizi hawafungwi pingu. Wanashikiwa pasipoti au kitambulisho. Wanadaiwa ada ya ajenti isiyoisha. Mshahara wa miezi mitatu unazuiliwa ili wasiondoke. Wapo katika kanisa hili wazazi ambao binti yao alikwenda Ghuba kutafuta riziki, na wanajua ninachosema.

Katika biashara tuna neno mnyororo wa ugavi. Maana yake ni njia yote ambayo bidhaa hupitia, kutoka shambani au machimboni hadi kwa mnunuzi. Neno ni zuri, lakini lisitufanye tusahau mnyororo ule mwingine uliokuwa shingoni mwa mtu. Mara nyingi mateso hayako kwenye kampuni yenyewe. Yako ngazi ya tatu au ya nne chini, kwa mkandarasi wa mkandarasi, mahali ambapo hakuna mwenye kuuliza. Uingereza ina sheria ya mwaka 2015 inayotaka kampuni kubwa zitangaze kila mwaka zimefanya nini kuzuia utumwa katika ugavi wao. Ni hatua nzuri. Lakini sheria hiyo hiyo inaruhusu kampuni itangaze kwamba haijafanya lolote. Karatasi inaweza kujazwa ofisini. Woolman alikwenda kwa miguu.

Kwa hiyo wewe unayenunua kwa niaba ya wengine, chukua mambo manne kutoka kwake. Kwanza, uliza bei ya chini imewezekanaje. Mashine bora ni jibu. Usafiri mfupi ni jibu. Kama hakuna jibu, basi kuna mtu amelipia tofauti hiyo kwa mgongo wake. Pili, nenda ukaone, bila kupiga simu ya kuarifu, na uzungumze na wafanyakazi bila msimamizi kusimama karibu. Waulize nani ana kitambulisho chao, walilipa nini ili wapate kazi hiyo, na mara ya mwisho kulipwa ilikuwa lini. Tatu, jiangalie wewe mnunuzi. Ukimkamua muuzaji hadi senti ya mwisho, kisha ukamlipa baada ya miezi minne, usishangae vibarua wake wakilala njaa. Yakobo katika sura ya 5 anaonya juu ya mshahara uliozuiliwa, na hasemi ni ngazi ya ngapi.

Nne, ukikuta uovu, usikimbilie tu kuhamia kwa muuzaji mwingine. Ukiondoka kimya, wewe umenawa mikono, lakini yule kibarua amebaki pale pale, pengine bila hata hiyo kazi. Fanya kama Woolman kwa yule jirani mgonjwa: kataa kutia sahihi, kisha keti mzungumze hadi mtu aachwe huru na alipwe haki yake. Akikataa kata kata, hapo ondoka. Na panapokuwa na mtu aliyefungiwa au aliyeuzwa, peleka habari kwa polisi. Sheria ya Kukabiliana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2010 iko kwa ajili hiyo.

Sasa hata kanisa ni mnunuzi. Kamati yetu ya ujenzi ina bei tatu mezani za mawe na kokoto za awamu ya pili. Moja iko chini sana kuliko zile mbili, na ninajua tuna haraka, maana mvua inakaribia na michango imekuwa migumu. Ninaomba jambo moja kabla sahihi haijawekwa. Watu wawili wa kamati, mama mmoja na mzee mmoja, waende machimboni siku ya kazi, si Jumapili. Waangalie ni nani anayeponda zile kokoto. Kama ni watoto waliopaswa kuwa darasani, au akina mama wanaoponda ili kulipa deni la mwenye machimbo, basi tujue kabla hatujamwita Mungu akae katika nyumba iliyojengwa kwa mawe hayo. Kama ni watu wazima waliolipwa haki yao na bei ni nafuu kwa sababu halali, tutanunua na kushukuru.

Niko tayari kuwasindikiza. Naomba pia tuliombee jambo hili katika ibada ya Jumatano, tuwataje dada zetu walioko ugenini ambao hawawezi kurudi, na tuwaombee waajiri walio katikati yetu, kuanzia mwenye kampuni hadi mwenye yaya mmoja nyumbani, ili Ijumaa hii kila mfanyakazi awe amepata chake mkononi.